Kisu kikali hakichinji chenyewe

Kuna imani moja ambayo imeota mizizi katika nchi yetu, nayo ni kwamba tatizo lolote lile laweza kutatuliwa kwa kununua kifaa kipya. Mwanafunzi akishindwa kusoma, anunuliwe tarakilishi. Hospitali ikilalamikiwa, iletewe mashine. Timu ikishindwa, ibadilishiwe viatu na jezi. Siku ya kupokea vifaa hivyo huwa siku ya sherehe: utepe hukatwa, hotuba hutolewa, picha hupigwa na wananchi hushangilia. Ni nadra sana mtu kurudi mwaka mmoja baadaye kuuliza kifaa kile kimefanya kazi gani, na ni nani aliyekitumia.

Wahenga waliliona jambo hili zamani, na wakatuachia semi mbili ambazo kwa haraka zaonekana kupingana. Walisema mchagua jembe si mkulima, wakimsuta yule anayezunguka ghalani akitafuta mpini mzuri ilhali wenzake wamekwisha kulima na kupanda. Lakini wahenga hao hao walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Je, tumfuate nani? Jembe lina maana au halina?

Maoni yangu ni kwamba semi zote mbili ni za kweli, ila zina utaratibu wake. Kifaa humwongezea mtu kile alicho nacho. Hakimpi asichokuwa nacho. Anayelisahau hili akiwa mtu binafsi hupoteza fedha zake mwenyewe. Serikali ikilisahau, hupoteza fedha za umma, na wakati mwingine hupoteza maisha ya watu.

Hebu tuanze na riadha, kwa kuwa huo ndio uwanja ambao Mkenya yeyote anaweza kuujadili bila kufunzwa. Mwaka 1960 jijini Rome, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:15:16 akikimbia miguu mitupu. Miaka minne baadaye huko Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa saa 2:12:11. Mara zote mbili muda wake ulikuwa bora kuliko wowote uliowahi kuandikwa duniani katika mbio hizo. Wanaodharau vifaa humtaja Bikila wa Rome na kumsahau wa Tokyo. Wanaovitukuza hufanya kinyume chake. Lakini Bikila alikuwa yule yule mmoja.

Tunaye pia mfano wetu wa nyumbani. Mwaka 2015 katika mbio za Berlin, soli za ndani za viatu vya Eliud Kipchoge zilichomoka na kuning'inia nje huku akikimbia. Kifaa kilimsaliti hadharani, dunia nzima ikitazama. Hata hivyo alishinda kwa saa 2:04:00. Mtu ambaye ustadi wake ungekuwa ndani ya kiatu angesimama kando ya barabara.

Basi je, viatu si kitu? La hasha. Tangu mwaka 2017 wakimbiaji wa masafa marefu wamekuwa wakivaa viatu vya aina mpya, vyenye soli nene ya povu jepesi linalorudisha nguvu mguu unapokanyaga, na ndani yake bamba gumu la kaboni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani walipopima toleo la mwanzo la viatu hivyo, walikuta kwamba mkimbiaji alitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 4 akiwa katika kasi ile ile. Katika mchezo ambao ushindi huamuliwa kwa sekunde, hilo si jambo dogo.

Tazama rekodi zenyewe. Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya saa 2:04:55 mwaka 2003. Kufikia mwaka 2014, Dennis Kimetto alikuwa ameishusha hadi 2:02:57. Hiyo ni dakika 1 na sekunde 58 katika muda wa miaka 11, kabla ya viatu hivi kuingia barabarani. Kutoka hapo hadi rekodi ya marehemu Kelvin Kiptum ya saa 2:00:35, iliyowekwa Chicago mwaka 2023, zilipungua dakika 2 na sekunde 22 katika miaka 9. Kwa hesabu ya kawaida, kasi ya kuboreka iliongezeka kutoka karibu sekunde 11 kwa mwaka hadi karibu sekunde 16. Kwa upande wa wanawake, rekodi ya Paula Radcliffe ya saa 2:15:25 ilidumu miaka 16, hadi Brigid Kosgei alipoivunja mwaka 2019 kwa saa 2:14:04 akiwa amevaa viatu vya aina hiyo. Atakayesema kwamba viatu havikuchangia chochote atakuwa anajidanganya.

Shirikisho la riadha duniani lenyewe halikujidanganya. Januari 2020 lilitangaza masharti: soli ya kiatu cha barabarani isizidi unene wa milimita 40, ndani yake kusiwe na zaidi ya bamba moja, na kiatu kiwe kimeuzwa madukani kwa miezi 4 kabla ya kutumiwa mashindanoni. Sharti hilo lilipata mtu wa kuliadhibu. Septemba 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza katika marathoni ya Vienna, kisha akapokonywa ushindi kwa sababu soli za viatu vyake zilikuwa na unene wa milimita 50.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Viatu hivyo vilipoanza kuuzwa madukani, kila mwanariadha wa tabaka la juu alivaa. Leo katika mstari wa kuanzia hakuna mwenye bamba na asiye nalo. Hata hivyo bado kuna wa kwanza, na wa pili, na wa hamsini. Mamilioni ya watu duniani wanaweza kununua kiatu kilichofanana na cha Kiptum. Aliyezoea kumaliza marathoni kwa saa 5 huenda akamaliza mapema kidogo, lakini kiatu hicho hakitamfikisha saa 2. Tofauti iliyobaki ni ile isiyouzwa dukani: miaka ya mazoezi ya alfajiri katika nyanda za juu, nidhamu ya kambi kama ile ya Kaptagat, na jicho la mkufunzi kama Patrick Sang, ambaye mwenyewe alishinda medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji.

Kwa hivyo fundisho la kwanza ni hili: kifaa huamua mambo pale ambapo ustadi umekaribiana. Kijana wa Iten mwenye uwezo sawa na wenzake, lakini asiye na viatu kama vyao, ataachwa nyuma bila kosa lake, na huo ni uonevu unaostahili kukomeshwa. Lakini kifaa hakiwezi kuziba pengo la asiyefanya mazoezi.

Fundisho la pili analo Julius Yego. Kijana huyu wa Nandi alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama kanda za mabingwa katika intaneti, kwa kuwa hapakuwa na mkufunzi wa mchezo huo karibu naye. Mwaka 2015 huko Beijing aliurusha mkuki mita 92.72 na kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia katika michezo ya kurusha na kuruka. Kisa chake hupendwa na wale wanaoamini kwamba tarakilishi inatosha kuwa mwalimu. Lakini wao husimulia nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba Yego alipata ufadhili wa kwenda Kuortane, Finland, nchi ambayo imebobea katika mchezo huo, na huko akawekwa chini ya mkufunzi. Kanda za intaneti zilimkuta ana kiu, zikamfungulia mlango. Mkufunzi ndiye aliyemwingiza ndani.

Sasa tuliangalie taifa. Katika kampeni za mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi tarakilishi kwa watoto wote wa darasa la kwanza. Baada ya mivutano ya zabuni, mpango huo ulianza kutekelezwa mwaka 2016 ukiwa umebadilishwa kuwa wa tabuleti, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Ni kazi kubwa, na kuna shule zilizofaidika, hata kwa kuunganishiwa umeme tu. Lakini takwimu zilizotangazwa mara kwa mara zilikuwa za idadi ya vifaa vilivyofikishwa shuleni. Ni lini tulitangaziwa kwa uzito huo huo idadi ya watoto waliosoma vizuri zaidi kwa sababu yake? Tulihesabu majembe, hatukuhesabu mavuno.

Ikiwa katika shule hasara yake ni muda wa mtoto, katika hospitali hasara ni uhai. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa kukodi mashine za kisasa za matibabu kwa mkataba wa miaka 7, uliokadiriwa kugharimu shilingi bilioni 38. Hospitali 98 zilikusudiwa kupewa vifaa, mbili katika kila kaunti pamoja na chache za kitaifa. Kulikuwa na mashine za kusafisha figo, za eksirei, za vyumba vya upasuaji na za vyumba vya wagonjwa mahututi. Baadhi ya magavana walipinga mwanzoni wakisema hawakushirikishwa ipasavyo. Malipo ya kila kaunti yalianza kwa takriban shilingi milioni 95 kwa mwaka, yakapanda hadi milioni 200.

Haki ni haki, na mpango huo ulikuwa na mema yake. Kabla yake, mgonjwa wa figo katika kaunti nyingi alilazimika kusafiri mbali kutafuta mashine. Baadaye wengi walipata huduma hiyo karibu na nyumbani. Lakini tuangalie ni kwa nini mashine za figo zilifanya kazi pale zilipofanya kazi. Kipindi kimoja cha kusafisha damu huchukua kama saa 4 na huhitaji takriban lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana. Huhitaji umeme usiokatika. Huhitaji muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo hasa, anayejua kusoma dalili za mgonjwa aliye hatarini. Na huhitaji mtu wa kulipa. Bima ya taifa ya wakati huo, NHIF, ilipoanza kugharimia vipindi viwili kwa wiki, ndipo maskini naye akaweza kukaa kwenye kiti kile. Palipokuwa na maji, umeme, muuguzi na bima, mashine ilikuwa uhai. Palipokosekana kimoja, mashine ilikuwa fanicha.

Kamati maalum ya Seneti iliyouchunguza mpango huo, na kutoa ripoti yake mwaka 2020, ilishutumu vikali namna zabuni zilivyotolewa. Isitoshe, ilithibitisha yale ambayo wananchi walikuwa wakiyanong'ona: kwamba katika hospitali kadhaa mashine zilikaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme, maji au majengo ya kuziwekea. Na kwa kuwa zilikuwa za kukodi, kukaa bure kwake hakukusimamisha malipo. Kila mwaka uliopita mashine ikiwa imefunikwa kwa turubai ulilipiwa sawasawa na mwaka wa kazi.

Tukumbuke pia yaliyokuwa yakitendeka nje ya milango ya hospitali hizo wakati mkataba ukiendelea. Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100. Baadaye mwaka huo wauguzi wakagoma kwa takriban miezi mitano. Mashine zilikuwapo; mikono ya kuziendesha ilikuwa barabarani ikipeperusha matawi. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa hatima ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa mwaka 2017 uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi, nayo serikali ikasema uwezo wake ni shilingi 70,000.

Ninakubali kwamba hazina ya nchi haina fedha zisizokwisha. Lakini fanya hesabu nami, msomaji. Zile milioni 200 ambazo kaunti moja ilitozwa kwa mwaka kwa ajili ya mashine zingetosha kuwalipa madaktari wanagenzi zaidi ya 80 kwa mwaka mzima, kwa kiwango kile kile ambacho serikali ilikiita kizito. Hoja yangu si kwamba mashine zisinunuliwe. Ninachouliza ni kwa nini nchi iliyopata fedha za kisu ilikosa fedha za mchinjaji.

Nisieleweke vibaya. Wapo viongozi ambao wangefurahi kuisikia hoja hii na kuitumia kuwanyima wafanyakazi vifaa, wakiwaambia kwamba ustadi watosha. Hasha! Daktari anayeombwa kufanya upasuaji kwa mwanga wa tochi, au muuguzi anayemtuma mgonjwa akanunue glavu, haonyeshwi heshima kwa kuambiwa kwamba yeye ni hodari. Ustadi usio na vifaa hudumaa, kisha huhama. Na ni nchi nyingine zitakazoupokea kwa mikono miwili. Anayemnyima mtaalamu kifaa na anayempa kifaa asiye mtaalamu wanaishia mahali pamoja.

Wapo pia watakaosema: lete mashine kwanza, ujuzi utafuata, kwa kuwa mtu hawezi kujifunza eksirei kwa chaki na ubao. Hoja hii ina uzito, nami siikatai. Hata Yego asingejifunza bila mkuki. Lakini kuna tofauti kati ya mashine inayowasili pamoja na mkufunzi wake, na mashine inayowasili ikitumaini kwamba siku moja mtu atapatikana. Mtaalamu huchukua miaka kadhaa kufunzwa. Mashine huanza kuchakaa siku ile ile inapofunguliwa sandukuni.

Na si kila kifaa kilicho bora ni cha bei ghali. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika hospitali za miji minane duniani, mmoja wao ukiwa Ifakara katika nchi jirani ya Tanzania. Kifaa kilichojaribiwa kilikuwa ukurasa mmoja wa karatasi, orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kabla, wakati na baada ya upasuaji: je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe, amepewa dawa ya kuzuia maambukizi, vitambaa na sindano zimehesabiwa? Vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Karatasi ile haikumfundisha yeyote kukata wala kushona. Ilichofanya ni kuupanga ujuzi uliokuwapo tayari, na kuwafanya watu wanaofanya kazi pamoja wazungumze. Hicho ndicho kifaa bora: kile kinachoshika mkono unaojua na kuuzuia usikosee.

Tufanye nini basi? Nina mapendekezo manne. Kwanza, mkataba wowote wa mashine za umma usitiwe saini kabla ya kutangazwa ni wataalamu wangapi watakaoziendesha, wako wapi na mishahara yao itatoka fungu gani. Pili, bajeti ya kununua iandamane na bajeti ya kufunza na ya kukarabati; mhandisi wa vifaa vya hospitali ni muhimu kama daktari, ingawa hakuna anayemwalika jukwaani siku ya kukata utepe. Tatu, ripoti kwa wananchi ziache kuhesabu vilivyowasilishwa, zihesabu vilivyotumika: wagonjwa wangapi, watoto wangapi, kwa matokeo gani. Nne, wanaotumia vifaa waulizwe wanahitaji nini kabla ya Nairobi kuamua kwa niaba yao. Muuguzi wa hospitali ya mashambani anajua kama anachokosa ni mashine ya mamilioni au ni tangi la maji.

Mpango uliofuata ule wa kukodi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2025, umebadilisha mtindo wa malipo, ili mwenye mashine alipwe kwa kadiri inavyotumika. Hiyo ni hatua njema, kwa kuwa mashine inayolala haitamla mwananchi. Lakini tuwe macho: anayelipwa kwa kila picha atatamani picha ziwe nyingi, ziwe zinahitajika au la. Na anayeweza kusema kwamba picha hii haina haja ni daktari aliyefunzwa vyema, anayelipwa vyema na asiyeogopa mtu. Tunarudi pale pale kwa binadamu.

Tuache basi mtindo wa kuwapima viongozi wetu kwa makasha waliyoyafungua mbele ya kamera. Siku nyingine utepe utakapokatwa katika hospitali ya kaunti yako, msomaji, usipige makofi upesi. Uliza jina la kazi ya mtu atakayeiendesha mashine hiyo kesho asubuhi, na kama ameajiriwa. Usipojibiwa, jua kwamba kisu kimeletwa na mchinjaji hayupo, na gharama yake umekwisha kuanza kuilipa.